Muulize Fundi Picha: "Picha Yangu Ina Chenga, Niitume?"

Studio yangu iko Mwanga, hapa Kigoma, barabara ile inayoteremka kwenda stesheni. Nilianza kupiga watu picha enzi za kusafisha mkanda kwenye beseni, na sasa nakaa mbele ya kompyuta kama wengine wote. Mara mbili tatu nimeitwa kwenye meza ya majaji. Msimu wa mashindano ukikaribia simu haitulii, na safari hii karibu kila aliyeandika ametumia neno moja: chenga, yaani zile chembechembe zinazotapakaa juu ya picha iliyopigwa kwenye mwanga hafifu. Nimechagua barua tano. Walioniuliza bei za kamera nimewajibu pembeni.

*

*Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa Kibirizi. Mwezi uliopita, usiku wa giza, nilipanda mtumbwi na wavuvi wa dagaa nikawapiga picha wakivuta wavu. Kamera niliazima, ISO, kile kidhibiti cha kuangaza picha, nikaipandisha hadi 12,800. Kuna picha moja naipenda sana: mzee ameinama juu ya wavu, karabai iko kushoto kwake, nyuma ni giza tupu. Tatizo ina chenga kama TV iliyokosa antena. Rafiki yangu ameisafisha kwa programu, chenga zote zimetoka, ila sasa mzee anafanana na sanamu ya duka la nguo. Mashindano yanafungwa mwisho wa mwezi. Nitume ipi?*
*Asiyelala, Kibirizi*

Marahaba mwanangu. Kwanza nikugombeze kidogo: uliponitumia hizo picha kwa WhatsApp kama picha za kawaida zilifika zimebanwa mpaka basi, sikuweza kuhukumu chochote. Ulipozirudia kama dokumenti ndipo nikaziona. Nilizifungua zote mbili, nikazikuza mpaka uso wa mzee ukajaa kioo.

Kwenye ile iliyosafishwa, mikunjo ya pembeni mwa macho haipo. Mzee wa miaka sitini na kitu kapewa shavu la mtoto anayenyonya. Kwenye picha ya kwanza, mkono wake wa kulia una magamba ya dagaa yaliyomganda, vile vijidoa vinavyometa. Nimevihesabu, viko saba. Kwenye ya pili hakuna hata kimoja. Programu imevidhania chenga ikavifagia pamoja nazo. Wavu nao, ambao uzuri wake wote ni yale matundu madogo yanayoshika mwanga wa karabai, umekuwa kitambaa cha pazia. Rafiki yako ameondoa chenga na ameondoa uvuvi.

Kwa hiyo ni ya kwanza. Ila usiitume kama ilivyo, kuna kazi ya nusu saa.

Ujue kwanza chenga zinatoka wapi, maana wengi wanaisingizia ISO. Panga ndoo mia uani, zisubiri mvua. Mvua ikianza kwa matone machache, ndoo moja inapata mengi, jirani yake machache, hakuna aliyepanga. Ikinyesha usiku kucha, zote zinaonekana sawa. Mwanga nao unafika kwenye kamera kwa matone hivyo hivyo, na kila pikseli ni ndoo. Ndoo iliyopata matone 10,000 hutofautiana na mwenzake kwa kama 100, yaani asilimia 1, na jicho halioni. Iliyopata matone 100 hutofautiana kwa kama 10. Hiyo ni asilimia 10, na hizo ndizo chenga zako. Kibirizi usiku, nje ya duara la karabai, mvua ya mwanga ni manyunyu.

Sasa ISO ni kitufe cha sauti cha redio. Usiku ukitafuta stesheni ya Bujumbura ikaja kwa mbali, ukaongeza sauti, mtangazaji anapanda na mkoromo unapanda naye. Hukuleta stesheni karibu. ISO haiongezi tone hata moja la mwanga. Matone unayapata kwa kufungua lenzi au kuchelewesha shata, yaani kale kamlango kanakoruhusu mwanga kuingia, na kwenye mtumbwi unaoyumba, 1/15 ya sekunde ni ukungu mtupu. Kwa hiyo 12,800 yako ulifanya sawa kabisa. Wapo wanaoiogopa namba kubwa, wanapiga kwa 1,600 na shata ileile, picha inatoka nyeusi tii, halafu wanakuja kuiangaza nyumbani. Wanapata chenga zilezile na, kwa kamera nyingi hasa za zamani, michirizi juu yake. Woga wa chenga ndio unaozaa chenga mbaya kuliko zote.

Tuingie kazini. Mama yangu alikuwa akipika vitumbua vya kuuza, na mchele wake ulikuwa wa chenga, kwa sababu ni rahisi na unasagika vizuri. Lakini alikaa na ungo asubuhi nzima akichagua mchanga. Chenga unazipika. Mchanga hata ukiupika unavunja jino. Kwenye picha yako vyote viwili vimo. Kuna chembe za weusi na weupe, zinazofanya giza lionekane kama lina unga ndani yake: hizo ni chenga, ziache. Kuna madoa ya zambarau na kijani kwenye shati la mzee na pale wavu unapozama majini: huo ni mchanga. Programu nyingi zina vidhibiti viwili tofauti, kimoja cha chenga za rangi na kimoja cha chenga za mwanga. Vuta cha rangi mpaka madoa yapotee, uishie hapo hapo, maana ukipitiliza rangi ya karabai inaanza kuvuja kwenye ngozi. Cha mwanga kiguse kidogo sana au usikiguse. Mimi nilikiacha sifuri.

Halafu giza. Naona ulijaribu kuliangaza ili mwenzake aliye nyuma aonekane. Lirudishe chini. Chenga za dijitali zinajaa kwenye vivuli, na ukivivuta juu ni kama kuwasha taa jikoni usiku wa manane: kila kilichokuwa kimejificha kinakimbia mbele ya macho ya wageni. Yule wa nyuma abaki kivuli. Anajulikana kuwa yupo kwa sababu wavu unavutwa pande mbili.

Utajaribiwa kuigeuza nyeusi na nyeupe. Ukifanya hivyo jua siri moja: mwanga wa karabai ni wa manjano, bluu ndani yake ni kidogo sana, kwa hiyo sehemu ya bluu ya picha ndiyo iliyopata matone machache kuliko zote. Ukigeuza, programu inakupa uwezo wa kuchanganya nyekundu, kijani na bluu. Ukiishusha bluu, picha inatulia. Ukiipandisha, chenga zinafumuka kama povu la omo. Wavuvi wengi siku hizi wana taa za betri zenye mwanga mweupe, na hapo hesabu hii inabadilika. Lakini mimi ningeiacha na rangi yake. Kwenye meza ya majaji tumeshachoka na picha zilizogeuzwa nyeusi na nyeupe kuficha madoa, tunazitambua kabla hata ya kusoma maelezo, na rangi ya ile karabai ndiyo kitu pekee chenye joto kwenye fremu yako.

Mwisho, ukubwa. Masharti uliyonitumia yanasema upande mrefu uwe pikseli 3,000 na faili isizidi MB 5. Kamera uliyoazima inatoa 6,000 kwa 4,000. Ukiipunguza nusu, kila pikseli nne zinakuwa moja na chenga zinapungua nusu nzima. Kwa hiyo usihukumu chenga ukiwa umekuza picha mpaka mwisho, kama nilivyofanya mimi hapo juu kumtafuta mzee. Ipunguze kwanza, kaa mbali na kioo kama jaji anavyokaa, ndipo uamue. Na uangalie uzito wa faili: picha yenye chenga haibaniki kirahisi, kila chembe ni habari mpya kwa kompyuta. Ikizidi MB 5, punguza pikseli kidogo. Usipunguze ubora wa JPEG, utaletewa vibao vya mraba kama vigae vya bafuni kwenye giza lote.

Kwa nini nakutetea namna hii? Kwa sababu kazi yenyewe inataka giza. Wewe ni mtoto wa Kibirizi, unajua mbalamwezi ikijaa taa haina nguvu ya kuwakusanya dagaa, mitumbwi inalala mchangani na wavu unashonwa. Picha ya kazi hiyo ikija safi kama ya pasipoti, mimi jaji naanza kujiuliza umeipigia wapi. Chenga zako zinasema ulikuwepo.

*

*Fundi, habari za Kigoma. Mimi ni mwalimu hapa Tabora. Nilikwenda Kwihara kwenye tembe la Livingstone nikapiga picha nzuri ya ukuta na kivuli cha mti, saa nane mchana, ISO 100, safi kama maji. Nataka kuipeleka kwenye shindano lenye mada ya kumbukumbu. Programu yangu ina kitufe cha kuongeza punje za filamu. Nikikitumia picha inapata uzee fulani. Je, huo ni udanganyifu?*
*Mwalimu, Tabora*

Nzuri mwalimu, za huko kwenye asali? Umenifurahisha kuandika punje badala ya chenga, maana ni vitu viwili, na kwenye swali lako tofauti hiyo ndiyo yote.

Kuhusu udanganyifu nitajibu haraka: soma kundi unaloingia. Kwenye habari na picha za wanyama, usiongeze kitu ambacho kamera haikukiona. World Press Photo, shindano la picha za habari lililoanza Uholanzi mwaka 1955, huwataka wanaofika hatua za mwisho watoe faili ghafi, yaani picha kama kamera ilivyoirekodi kabla ya kuguswa, na faili ghafi haisemi uongo. Kwenye sanaa, ubunifu, mandhari, wengi wanaruhusu, ila baadhi wanataka useme. Sema. Neno moja kwenye maelezo halijawahi kumnyima mtu nafasi mbele yangu.

Swali gumu zaidi ni kama itafaa, na hapo nina wasiwasi.

Punje za filamu ni fedha. Si kwa mfano, ni fedha hasa. Mkanda umepakwa utando wenye chembechembe za chumvi ya fedha. Mwanga ukizigusa, kisha dawa ikazikuta, zinageuka fedha nyeusi na kukusanyika. Mkanda wa kasi una chembe kubwa, ili zinase mwanga mdogo, na chembe kubwa zinaonekana. Miaka ya themanini nilikuwa nikitumia mikanda ya ORWO kutoka Ujerumani Mashariki: NP 27, yaani ASA 400 (ASA ndiyo ISO ya zamani), kwa ajili ya ndani na jioni, na NP 20 kwa mchana. Picha za NP 20 nikizikuza zilikuwa laini. Za NP 27 zilikuwa kama zimechorwa kwa mkaa. Hakuna fundi aliyeweka NP 27 kwenye kamera saa nane mchana mbele ya ukuta mweupe, labda awe ameishiwa. Unaona ninakoelekea? Umeniletea mwanga wa saa nane, kivuli kimekatwa kama kwa wembe, na juu yake punje za usiku. Jicho la mtu aliyezoea linasita, hata kama hawezi kusema kwa nini.

Kuna na dalili nyingine zinazowachongea wenye vitufe. Punje za kweli kwenye picha iliyochapwa zinaonekana zaidi kwenye kijivu cha katikati: ngozi, anga la mawingu, ukuta uliofifia. Kwenye weupe mtupu na weusi mtupu zinapotea. Kitufe cha bure kinamwaga kila mahali sawasawa, hata kwenye weupe ambao hauna kitu, na hapo najua. Ya pili: mtu anaongeza punje kwenye picha kubwa, kisha anaipunguza kwa ajili ya shindano, na punje zinayeyuka zinabaki vumbi. Ya tatu: anaongeza punje, halafu ananoa picha. Kila punje inapata ukingo, picha inakuwa kama msasa. Ukishikilia kitufe chako basi ifuate njia hii: punguza, noa, punje mwisho kabisa, kisha usiguse tena.

Ningekuwa Tabora, ningerudi Kwihara jua likizama. Ukuta uleule, lakini mwanga wa kubembeleza, ISO 3,200 au zaidi, na ningesimama mbali kisha nikate kipande kidogo cha fremu na kukikuza. Kukata na kukuza ndiyo njia ya zamani kuliko zote ya kupata punje kubwa. Hata mkanda mlaini ukikuza kona yake moja unafumuka. Ukuta wa tembe ni tambarare, haupigi kelele, na chenga zinahitaji mahali patambarare ili zionekane: ukuta, moshi, ukungu, maji yaliyotulia. Usizitafute kwenye majani ya mwembe wala kwenye kitenge chenye maua, huko zinamezwa. Na ziwekee kitu kimoja kikali cha kushikilia, ukingo wa mlango au kona ya paa. Kila kitu kikilegea, mtazamaji hajui kama ni nia au ni mkono ulitetemeka.

Ingawa mtetemo nao una wenyewe. Japani, mwishoni mwa miaka ya sitini, Daido Moriyama na wenzake walijenga mtindo mzima kwa maneno matatu, are, bure, boke: iliyoparara, iliyotikisika, iliyotoka nje ya fokasi. Mtu akinionyesha picha ya namna hiyo namwomba aniletee kumi. Moja inaweza kuwa bahati. Kumi zinaniambia kama kuna mtu nyuma ya kamera.

*

*Shikamoo. Natumia simu tu. Nilipiga ngoma ya harusi Ujiji usiku, lakini simu inasafisha yenyewe, kila mtu kang'arishwa kama amepakwa mafuta ya mawese. Nazitaka chenga zangu! Nifanyeje?*
*Binti wa Ujiji*

Marahaba. Zima hali ya usiku na zima kabisa kile kitu cha kurembesha uso. Simu ikiwa kwenye hali ya usiku inapiga picha nyingi kwa mfululizo, inazirundika na kutafuta wastani wake, ndiyo maana chenga zinatoka, na ndiyo maana mchezaji anayezunguka anabaki na mikono mitatu. Tafuta kwenye kamera yako sehemu ya kupanga mwenyewe, na kama ina uwezo wa kuhifadhi faili ghafi, iwashe. Kama simu yako haina, programu nyingine ya kamera inaweza kukupa. Faili ghafi ya simu ina chenga za kutosha kijiji kizima, maana kihisi chake ni kidogo kuliko ukucha wako na ndoo zake ni vikombe vya kahawa. Utazipata, usijali. Ila muulize bibi harusi kabla hujatuma.

*

*Fundi, marehemu baba alikuwa mpiga picha Kasulu. Ameacha mikanda ya nyeusi na nyeupe. Nimeiskani. Mmoja una mikunjo midogo midogo kama ngozi ya mamba juu ya picha yote, na punje kubwa ajabu. Ni uharibifu au ni mtindo? Inafaa kwa mashindano?*
*Mtoto wa Mpiga Picha, Kasulu*

Pole kwa msiba, hata kama ni wa siku nyingi. Hiyo ngozi ya mamba naijua vizuri, niliitengeneza mwenyewe mwaka 1987.

Dawa ya kusafishia mkanda imepangiwa nyuzi 20. Kila jedwali kwenye boksi linasema hivyo: 20, dakika kadhaa. Waliolipanga hawakuwa wakichota maji Kigoma. Hapa maji ya bomba ukiyaacha kwenye ndoo yanafika 26 bila kuombwa, na ya ziwa hayana nafuu. Tulizoea: unapunguza dakika, unakubali punje kuwa kubwa kidogo, maisha yanaendelea. Siku ile nilikuwa na mkanda wa meli ya Liemba ikiondoka, abiria wamejaa mpaka ngazini, mawingu ya masika nyuma ya milima ya Kongo. Nilitaka punje laini. Nikapata wazo. Nikashuka Kibirizi, nikanunua barafu ya samaki, pande moja limefungwa kwenye gunia, nikalivunja ndani ya beseni la kuoshea.

Dawa niliiacha na joto lake, sikuipoza, sijui nilikuwa nawaza nini. Nilipoutoa mkanda kwenye dawa ya nyuzi 26 na kuuzamisha kwenye maji ya barafu, utando ulisinyaa kama ule wa juu ya maziwa ukiupuliza. Ndani ya chumba cha giza sikuona kitu. Nilipouanika kwenye kamba na kuwasha taa nikaona kila fremu imekunjamana, mistari midogo kama udongo wa bwawa lililokauka. Nilikaa chini kwenye ndoo. Beseni lilinuka dagaa wiki nzima.

Inawezekana baba yako alipatwa na hilohilo, au alipoteza subira na maji ya baridi ya Kasulu, kule juu usiku kuna ubaridi. Ni uharibifu, ndiyo. Lakini ulitokea kwenye mkanda na si kwenye kompyuta, na mikunjo ya kila fremu ni yake peke yake. Wapo mafundi waliofanya hivyo makusudi. Usiifute.

Kwenye mashindano ya kawaida, hata hivyo, hapana, na sababu si punje. Picha ni ya baba yako. Karibu kila fomu inakutaka utie saini kwamba aliyepiga ni wewe. Kama unataka kuingia, ingia na picha yako: shika ule mkanda mbele ya dirisha, vidole vyako vionekane, piga. Hiyo ni yako. Na weka ISO ya chini tafadhali, tuone punje za baba bila chenga za mtoto.

*

*Fundi unasifia chenga sana. Wewe mwenyewe umewahi kushinda kwa picha ya chenga?*
*Mdadisi, Gungu*

Sijawahi, Mdadisi.

Niliwahi kujaribu. Treni ilichelewa, ikaingia stesheni saa tisa usiku, nami nilikuwa nimekuja kumpokea shemeji. Nilikuwa na kamera ndogo ya dijitali ambayo ikifika ISO 1,600 inalia. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mlangoni mwa behewa, mtoto mgongoni kalala, ndoo kichwani, anatafuta kwa macho mtu wa kumpokea, na taa moja ya jukwaani ilimwangukia nusu. Nikapiga moja. Ya pili alikuwa ameshashuka.

Niliituma mahali, sitapataja. Jibu lilikuja kwa sentensi moja kwamba picha haikufikia ubora wa kiufundi. Niliudhika, nikamwambia mke wangu wale watu hawaoni. Baadaye nilipoitwa mimi kuwa jaji nikaifungua tena, na ukweli nusu walikuwa sahihi: nilikuwa nimeliangaza giza la behewani kutafuta abiria wengine, limejaa madoa mekundu na kijani, mchanga mtupu. Nikarudi kwenye faili la mwanzo, nikalirudisha giza chini, nikaondoa rangi za ovyo, chenga nikaziacha. Nikaichapa kwenye karatasi isiyong'aa, A3, kwa sababu karatasi ya namna hiyo inazinywa chenga kidogo na kuzifanya ziwe kama za kwake.

Ipo ukutani studio, juu ya feni, pembeni ya ile ya Liemba ambayo kila mteja anadhani siku hiyo ilinyesha. Njoo uione, ila njoo kabla ya saa kumi. Baada ya hapo jua linaingia mlangoni, linapiga kioo, huoni chochote.